Joto la giaboksi lisile faida yako kwenye mlima wa Bugarama

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

SAA kumi na moja alfajiri maduka ya Rohero bado yamefungwa, lakini kazi imekwisha kuanza. Pikapu imesimama kando ya barabara, tela limefungwa nyuma yake, na vijana wanapokezana magunia ya ndagala, maboksi ya sabuni na madumu ya mawese. Mwenye mzigo anahesabu kwa sauti. Dereva anazunguka gari, anapiga matairi teke, anakaza kamba, anajaribu taa. Anafungua boneti, anatazama maji na oili ya injini, anaifunga.

Oili ya giaboksi haitazami mtu.

Saa mbili hivi baadaye, huko juu kwenye kona kabla ya Bugarama, gari la namna hiyo hukutwa limesimama kando. Injini inanguruma vizuri, matairi mazima, mafuta yapo. Dereva akikanyaga, injini inapiga kelele na gari halisogei. Hapo ndipo mwenye mzigo anapojua kwamba gari la otomatiki lina kiungo kingine kinachotaka kupozwa, na kwamba kiungo hicho kikiungua, bei yake humeza faida ya safari nyingi.

Makala haya ni kwa ajili ya mfanyabiashara anayepeleka mzigo mpakani au kuutoa huko, awe na gari lake au amekodi. Si lazima uwe fundi. Ila ni vizuri ujue ni kitu gani kinachoua giaboksi, kwa sababu hasara ikitokea, mzigo unaolala barabarani ni wako.

Barabara tatu tambarare, moja ya mlima

Bujumbura ipo kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, kama mita 780 juu ya usawa wa bahari. Anayekwenda Gatumba kuvuka kuingia Uvira hupita bondeni. Anayekwenda Cibitoke hufuata tambarare ya Imbo. Anayekwenda Rumonge na Nyanza-Lac kwa ajili ya mpaka wa Mugina na Manyovu, upande wa Kigoma, hufuata ziwa kwa sehemu kubwa ya safari kabla ya kukutana na milima.

Anayekwenda Kayanza, Ngozi, Gitega au Muyinga, na kutoka Muyinga kwenda Kobero kuvuka kuingia Kabanga, Tanzania, hana ujanja. Lazima apande RN1. Ndani ya kilomita 35 hivi barabara hiyo inatoka kwenye joto la ziwani hadi Bugarama, takribani mita 2,200. Ni kupanda mita 1,400, kona juu ya kona, bila mahali pa maana pa kupumzisha gari.

Ndiyo barabara ile ambayo vijana wa baiskeli hushika nyuma ya malori ili wavutwe hadi juu, kisha wateremke na mikungu ya ndizi kwa kasi ya kutisha. Wanajua wanachofanya: mlima ule hauwezekani kwa kukanyaga pedali. Gari nalo linahisi mlima huo huo, ila halina wa kulivuta.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Kule Bugarama hewa ina uzito wa kama asilimia 80 tu ya ule wa pwani ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu, na hewa inayopita kwenye rejeta inabeba joto kidogo zaidi. Wengi hufikiri baridi ya Bugarama itapoza gari. Baridi inasaidia, lakini haisaidii sana kama gari linatambaa kilomita 15 kwa saa nyuma ya lori, kwa sababu hewa hiyo ya baridi haipiti kwenye rejeta kwa kasi ya kutosha.

Joto linatoka wapi?

Gari la gia za mkono lina klachi inayoshikana na injini kwa msuguano. Ukiachia pedali, vinashikana, basi. Gari la otomatiki la kawaida halina klachi hiyo. Kati ya injini na giaboksi kuna kifaa cha mviringo kinachoitwa konveta, nacho kimejaa oili. Injini inaizungusha oili, na oili ndiyo inayozungusha giaboksi.

Ukiwa kwenye tambarare na gari limeshika mwendo, klachi ndogo iliyomo ndani ya konveta hufunga, pande mbili zikazunguka pamoja na joto likapungua. Lakini gari likiwa zito, mlima ukiwa mkali na mwendo ukiwa mdogo, klachi hiyo hufunguka. Injini inazunguka haraka, magurudumu yanazunguka polepole, na tofauti yote hiyo inaishia kwenye oili. Oili inakorogwa kama ugali kwenye sufuria, na ugali ule haumsogezi mtu hata hatua moja. Unapata moto tu.

Moto kiasi gani? Hesabu yake si ngumu. Chukua pikapu na tela ambavyo pamoja na mzigo vina uzito wa tani 5. Kuvipandisha mita 1,400 kunataka nguvu kubwa kiasi kwamba, kama sehemu moja tu kati ya kumi ingepotelea ndani ya giaboksi, joto hilo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 20 za maji yaliyotekwa ziwani. Hapo hatujahesabu msuguano wa matairi na kusimama na kuondoka. Giaboksi ya pikapu kwa kawaida ina oili kati ya lita 8 na 12, na oili hupanda joto haraka kuliko maji. Kama joto hilo halikupata pa kutokea, linabaki ndani.

Giaboksi nyingi za otomatiki hufanya kazi vizuri oili ikiwa kati ya nyuzi 75 na 95 za Selsiasi. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kwamba, ukishapita hapo, kila nyuzi 10 hivi zinazoongezeka hupunguza maisha ya oili kwa nusu. Oili ambayo ingekaa kilomita 80,000 kwa nyuzi 90, kwa nyuzi 110 itachoka baada ya kilomita 20,000 hivi. Ikipita nyuzi 120, huanza kuacha utando kama vanishi ndani ya vijia vyake. Ikikaribia nyuzi 130, sili za mpira hukauka na kuwa ngumu. Ikifika 150, sahani za klachi za ndani huanza kuteleza, na kuteleza kwenyewe huzaa joto jingine. Kuanzia hapo giaboksi inajipika yenyewe.

Ndiyo maana gari linaweza kupanda Bugarama mara kumi bila shida, likafa mara ya kumi na moja kwa mzigo ule ule. Halikufa siku hiyo. Lilikuwa linakufa kidogo kidogo tangu safari ya kwanza.

Giaboksi inasema kabla ya kufa

Hakuna giaboksi inayokufa bila kutoa habari. Tatizo ni kwamba habari hizo haziji kwa kelele kama za tairi lililopasuka.

Ya kwanza ni oili. Oili nzuri ya giaboksi, ile yenye herufi ATF kwenye kopo, mara nyingi ni nyekundu na haina harufu kali. Chovya kijiti chake, ifute kwenye karatasi nyeupe, itazame, inuse. Ikiwa ya kahawia na inanukia kama mkate ulioungua, imeshapikwa. Ikiwa nyeusi na ina chembechembe, klachi za ndani zimeanza kulika.

Ikiwa na rangi ya waridi iliyochanganyika na weupe kama maziwa, usiondoke hapo ulipo. Hiyo ni dalili kwamba maji ya rejeta yameingia kwenye oili, na ukiendesha utaimaliza giaboksi.

Ya pili ni mwendo. Ukitia D gari likakaa kidogo kabla ya kushika, au injini ikapanda mizunguko bila gari kuongeza kasi, au gia zikawa zinabadilika juu na chini kila dakika mlimani, giaboksi inalalamika. Taa ya joto la oili, kwa magari yaliyonayo, ikiwaka maana yake si “punguza mwendo ukifika”. Maana yake ni simama sasa, mahali salama.

Magari mengi yaliyotumika Japan hayana saa ya kuonyesha joto la giaboksi. Saa ya joto iliyo mbele ya dereva ni ya maji ya injini. Maji yanaweza kuwa sawa kabisa huku oili ya giaboksi ikiwa inaungua. Mafundi wa umeme wa magari wanaweza kukufungia kipimo chake, na kwenye magari ya miaka ya karibuni kuna kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwenye simu. Kwa anayepanda RN1 kila wiki na tela, kipimo hicho si anasa.

Rejeta ya giaboksi: kifaa kidogo, kazi kubwa

Magari mengi ya otomatiki hutoka kiwandani na bomba la oili linalopita ndani ya rejeta ya maji, chini au pembeni. Oili inaingia ya moto, maji yanachukua joto, oili inarudi. Kwa gari linalobeba familia mjini, hiyo inatosha. Kwa gari linalovuta tela kupanda Bugarama haitoshi, kwa sababu maji yenyewe yana nyuzi 90 na zaidi. Huwezi kupoza chai kwa uji wa moto.

Dawa yake ni kuongeza rejeta ndogo ya oili, inayofungwa mbele ya rejeta ya maji ili ipate upepo wa kwanza. Zipo za bomba lililokunjwa lenye mapezi, na zipo za sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine. Zile za sahani hupoza zaidi kwa ukubwa ule ule, nazo ndizo bora kwa kazi ya mizigo. Bei yake, pamoja na kazi ya fundi, ni sehemu ndogo tu ya bei ya giaboksi, hata giaboksi ya mtumba.

Buyenzi, dakika chache kutoka Rohero, haikosi mafundi wa kuifunga. Lakini simama uangalie mambo matano.

Kwanza, njia ya oili. Kwa kawaida oili ipite kwenye rejeta ya zamani kwanza, kisha iingie kwenye hii mpya, halafu ndiyo irudi kwenye giaboksi ikiwa imepoa.

Pili, mipira. Itumike mipira iliyotengenezwa kwa ajili ya oili ya giaboksi. Mpira wa maji hulainika kwa oili ya moto na kupasuka, na mpira ukipasuka mlimani oili yote humwagika kwa muda mfupi.

Tatu, namna ya kufunga. Iwe na vishikizo vyake. Kuna wanaoifunga kwa kupitisha vijiti vya plastiki katikati ya rejeta ya maji. Gari likitikisika kwa miezi michache, vijiti hivyo hutoboa.

Nne, nafasi. Mbele pasizibwe na namba ya gari, taa za ziada wala boksi la vifaa. Na kama rejeta ya maji imejaa matope na wadudu, rejeta mpya haitafanya miujiza. Osha kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini kwenda nje.

Tano, kiasi cha oili. Baada ya kufunga, oili ipimwe upya, kwa sababu rejeta mpya na mipira yake vimekunywa. Magari mengi hupimwa injini ikiwa inawaka na oili ikiwa ya moto. Mengine hayana kijiti kabisa, na fundi hupima kwa kufungua nati maalumu chini, oili ikiwa kwenye joto lililoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Na hapo kwenye oili, usikubali maneno ya “zote ni nyekundu, zote ni sawa”. Toyota, kwa mfano, ina oili ya T-IV na oili ya WS, nazo hazichanganywi wala moja haikai badala ya nyingine. Canter zenye giaboksi ya Duonic zina klachi mbili zinazooga kwenye oili, nazo zinataka oili yake. Soma kilichoandikwa kwenye kijiti au kwenye kitabu, kisha nunua hicho.

Usisahau pia kifuniko cha rejeta. Maji ya wazi kule Bugarama huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100, kwa sababu ya mwinuko. Kinachoyazuia yasichemke ni mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko. Kifuniko kilicholegea kinafanya injini ichemke mapema, na injini ikichemka, giaboksi inayotegemea maji hayo inafuata.

Namna ya kupanda

Gari lililofungwa rejeta nzuri bado linaweza kuunguzwa na dereva. Na gari lisilo na rejeta ya ziada linaweza kufika salama mikononi mwa dereva mwenye subira.

Shusha gia kabla ya mlima, usisubiri mlima ukushushie. Ukiiacha D, giaboksi itapanda gia ya juu kila mlima unapolegea kidogo na kushuka tena kwenye kona, na kila badiliko ni msuguano. Zima O/D kama gari lako lina kitufe hicho, kisha weka 3 au 2 kulingana na ukali wa mlima. Tafuta gia ambayo injini inazunguka bila kuhema na mwendo haubadilikibadiliki, ukae hapo. Injini kulia kidogo si dhambi. Kuzunguka kwake ndiko kunakozungusha feni, pampu ya maji na pampu ya oili.

Usimng’ang’anie aliye mbele. Ukimfuata lori hatua kwa hatua, utakuwa unaondoka na kusimama kila baada ya mita tano, na kuondoka na mzigo mlimani ndiko kunakozaa joto kubwa kuliko yote. Mwache aende, uondoke mara moja ukiwa na nafasi. Kabla hujarudi nyuma hata hatua moja, tazama vioo: huenda kuna kijana wa baiskeli ameshika tela lako.

Usilishikilie gari mlimani kwa kukanyaga mafuta. Wapo wanaosimama kwenye kituo cha polisi au kwenye foleni huku wamekanyaga kidogo ili gari lisirudi nyuma. Muda mfupi wa mchezo huo unatosha kuiunguza oili iliyo ndani ya konveta. Kwa kusimama kuna breki ya mguu na handibreki.

Zima kiyoyozi. Rejeta ya kiyoyozi iko mbele ya zote, na joto lake linapulizwa kwenye nyingine.

Joto likipanda, tafuta mahali tambarare nje ya barabara. Weka N, vuta handibreki, weka mawe nyuma ya matairi ya gari na ya tela. Usizime injini mara moja. Iache iwake, mizunguko ikiwa juu kidogo, ili oili iendelee kuzunguka kwenye rejeta na feni ipulize. Dakika kumi au kumi na tano si hasara. Usimwagie giaboksi maji ya baridi, na usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto.

Foleni ya mpakani ni mlima mwingine

Madereva wengi huogopa Bugarama na kusahau Kobero. Foleni ya mpakani haina mwinuko, lakini ina kitu kibaya kama mlima: gari linawaka na hewa haipiti. Kusogea mita mbili, kusimama, kusogea mita mbili, huku gia ikiwa D na mguu kwenye breki, ni kuikoroga oili kwa saa nzima.

Ukisimama zaidi ya dakika moja, weka N na handibreki. Ngoja nafasi ya mita kumi ifunguke, kisha usogee mara moja. Foleni ikikwama kabisa, zima injini, ila kwanza iache iwake kidogo kama umetoka mlimani.

Upande wa Gatumba kuna jambo jingine. Wakati wa mafuriko maji hutanda hadi barabarani, na giaboksi ya moto ikizama ghafla kwenye maji ya baridi huvuta hewa kwa ndani kupitia tundu lake la kupumulia. Tundu likiwa majini, itavuta maji. Usivuke maji mengi ukiwa umetoka tu kuvuta mzigo mzito. Poza kwanza.

Na kuteremka? Anayerudi Bujumbura na kabichi na karoti za Bugarama, giaboksi yake haina kazi kubwa ya kuvuta, lakini ina kazi ya kuzuia. Teremka na gia ile ile ambayo ungepandia. Ukiiacha D na kutegemea breki, breki zitachemka, na tela lisilo na breki litakusukuma. Viwanda vingi vya magari huweka kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki zake. Ukizidisha hapo, shida si giaboksi tena, ni roho za watu.

Malori makubwa si hadithi ile ile

Wasomaji wenye mizigo ya makontena kutoka Dar es Salaam watauliza: na sisi je? Safari ndefu kupitia Dodoma, Singida na Kahama hadi Kabanga huishia kwenye milima hii hii.

Malori mengi makubwa ya kisasa yanayoitwa otomatiki hayana konveta. Volvo huita giaboksi yake I-Shift, Scania huita Opticruise, Mercedes-Benz huita PowerShift. Ndani yake ni gia za kawaida na klachi ya kawaida, ila kompyuta ndiyo inayokanyaga klachi badala ya mguu wa dereva. Hapo kinachoungua si oili kwanza, ni klachi. Dereva anayetambaa mlimani kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo anaifanya kompyuta ishike na kuachia klachi mfululizo, na harufu ya klachi inayoungua haina tofauti na ile ya zamani. Kwa malori haya, anza na gia ya chini, tumia nafasi ya kubadili gia kwa mkono, na kwenye foleni subiri nafasi badala ya kutambaa.

Yenye ritada nayo yana habari yake. Kwenye mteremko mrefu, joto la ritada huingia kwenye maji ya injini. Mizunguko ya injini iwe juu ili maji yapoe, la sivyo ritada hujipunguza nguvu yenyewe pale unapoihitaji.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli saba. Wengi huiona mizani kama adui. Lakini kila tani iliyozidi inayopita mzani kwa ujanja inalipiwa tena mlimani, kwa klachi, kwa breki na kwa barabara.

Mwenye mzigo aulize nini?

Mfanyabiashara mdogo ambaye mzigo wake hauzidi dola 2,000 anaweza kuvuka mipaka ya Jumuiya kwa cheti rahisi cha uasilia cha bidhaa. Utaratibu huo umewafungulia wengi njia, na wengi wao husafirisha kwa pikapu, Canter na matela madogo, siyo kwa semi. Hao ndio joto la giaboksi linawaumiza zaidi, kwa sababu hawana gari la pili la kuokoa mzigo.

Tuseme umekodi pikapu kupeleka ndagala Ngozi. Giaboksi imekufa njiani saa nne asubuhi. Utalipa gari jingine kutoka Bujumbura, utalipa wa kupakua na kupakia, utalala njiani, na utafika sokoni wakati wenzako wameshauza. Ikiwa mzigo ni wa transiti wenye lakiri ya forodha, huwezi hata kuuhamishia gari jingine kwa hiari yako. Lazima forodha ijulishwe na iruhusu. Na usitegemee Kadi ya Njano ya COMESA. Hiyo ni bima ya madhara unayomsababishia mtu mwingine, haifidii giaboksi yako wala samaki walioharibika.

Kwa hiyo kabla ya kulipa nauli ya mzigo, uliza maswali manne. Gari hili limeandikiwa kuvuta kilo ngapi, na leo tunapakia ngapi? Oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, na kwa oili gani? Lina rejeta ya ziada ya giaboksi? Naomba nione kijiti.

Dereva mzuri hatakasirika. Atafungua boneti na kukuonyesha. Anayesema “usijali, gari hili limezoea”, mwulize limezoea mara ngapi, kisha tafuta jingine.

Nani alipe rejeta hiyo kati ya mwenye gari na mwenye mzigo? Hilo ni la kupatana. Wafanyabiashara wanaokodi gari lile lile kila wiki wanaweza kuchanga na mwenye gari, wakakatwa kidogo kidogo kwenye nauli. Ni fedha ambayo kila upande unaiokoa.

Kesho saa kumi na moja alfajiri pikapu nyingine zitakuwa zinapakia Rohero. Magunia yatahesabiwa na kamba zitakazwa. Ongeza dakika mbili tu: vuta kijiti, futa kwenye karatasi, nusa. Ikiwa nyekundu na haina harufu ya kuungua, safari njema. Ikiwa ya kahawia, shusha mzigo ungali Bujumbura, mahali ambapo fundi yuko karibu na gari jingine linapatikana.